Shingo ya Siti

Walipomfunua Siti juu ya kitanda cha kukoshea maiti, Bi Mwatum alijua papo hapo kwamba ameambiwa uongo. Waliomwita walisema marehemu kaanguka mkarafuuni. Na kweli mgongo ulikuwa umevilia damu, na ubavu mmoja umebonyea. Lakini shingoni palikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na gumba upande ule, zimegeuka rangi ya zambarau. Mkarafuu una utelezi wa mvua, una chungu wa majimoto wanaouma, una matawi ya kudanganya mguu. Vidole hauna.

Bi Time, aliyekuwa akimmiminia maji, aliziona naye. Akaiweka kata chini.

"Mwatum," alinong'ona, "mie sijaona kitu. Na weye hujaona."

Ndivyo kazi ile ilivyo, na asiyeijua asiihukumu. Mwatum aliirithi kwa mama yake, na jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kukata sanda wala kumgeuza maiti kwa upole. Lilikuwa kufunga mdomo. Anachokiona muosha hufukiwa pamoja na maiti. Alikuwa mjane, mkali kama pilipili, na alishawakosha wanawake wa Mtambile mpaka hawahesabiki. Alijua nani alikuwa na donda alilolificha miaka, nani alichanjwa chale za kumfunga mume. Halikuvuja neno. Kwa hilo watu walimheshimu, na bibi vizee walimwusia wangali hai: nikifa, aniguse Mwatum, asiniguse mwengine.

Basi alizikosha zile alama kwa maji ya mkunazi, akazitia karafuu maiti, akazifunika.

Nje, mumewe Siti alikuwa akilia kilio cha kukata maini. Huyo ndiye Nyange. Wala msidhani alikuwa akijilizaliza. Mtu anaweza kuua na kulia vilevile. Mkono wake ulijulikana. Mara ngapi Siti alikwenda kisimani jicho limefura, akasema kajigonga mlangoni? Wanawake wakasema mlango wa Nyange una nguvu, wakacheka. Ndiyo, walicheka, na Mwatum alikuwemo.

Hayo yalimkaa rohoni. Siku ya hitima alikwenda kwa Shehe Othman, imamu wa msikiti, akasimama nje ya kizingiti.

"Shehe, muosha akiona aibu juu ya maiti afanyeje?"

"Aisitiri, na Mungu atamsitiri yeye. Hilo si la kuuliza wewe, Bi Mwatum."

"Na ikiwa aibu yenyewe si ya maiti? Ikiwa ya mtu aliye hai, kaiacha juu ya maiti?"

Shehe akaweka tasbihi chini. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mwovu. Ilikuwa miaka ile ya siasa, kabla ya uhuru, majirani wakigomeana maduka na maziko kwa sababu ya vyama. Nyange alikuwa na wenzake wa chama, na baba yake Siti, Mzee Mbarouk, alikuwa na wake.

"Ukilitoa neno hilo hatakufa mmoja," alisema. "Watu washaanza kunoa mapanga kwa ajili ya kura. Fitina ni mbaya kuliko kuua."

"Na huyo aliyeuliwa, Shehe, tumwendee kaburini tumwulize ipi mbaya zaidi?"

"Mungu anajua, Bi Mwatum. Hilo halikutoshi?"

Lilimtosha. Wallahi, lilimtosha kwa muda. Alirudi kwake, akakaa kitako kusuka ukili wake, akajiambia kwamba ikiwa Mungu anajua, yeye ana ruhusa ya kusahau. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kama watu wema wengi wanavyokosea.

Arubaini ilipopita Bi Time alikuja mbio na habari, kanga mkononi. Mbarouk alikuwa ameshamwambia mkwewe kwamba mkwe mwema hatupwi. Siti ameacha mtoto mchanga, na mtoto yule akilelewa na mama wa kambo atateseka. Bora Nyange apewe Mwanakhamis, mdogo wake Siti. Ndiyo desturi, na desturi yenyewe ina huruma ndani yake. Jioni ile wanaume wangekutana barazani kwa Mbarouk kupanga siku ya ndoa.

"Mtu hubadilika," Bi Time alisema, lakini hakumtazama mwenzake usoni.

"Mkono ule ubadilike?"

"Weye una neno gani tena? Siti ndiye kesha kufa."

"Siti ndiyo. Mwanakhamis bado."

Mwatum akajitanda kanga akaondoka. Bi Time alimfuata akimsihi mpaka mlangoni kwa Mbarouk. Mwanamke haingii baraza la wanaume. Mwatum aliingia, akapita katikati ya vikombe vya kahawa na sahani ya halua, akasimama mbele ya mwenye nyumba, Nyange kakaa ubavuni pake.

"Mzee Mbarouk, mie ndiye n'liyemkosha mwanao. Hakuanguka mtini. Yuno kamkaba roho."

Nyange alikurupuka kabla mtu hajafungua mdomo. Ngumi ya kwanza ilimvunja Mwatum meno ya mbele. Akaenda na kichwa kwenye nguzo, na kabla hajaanguka Nyange alishamshika koo kwa mkono mmoja, amembana ukutani, miguu yake haigusi chini.

"Mchawi weye! Maiti hana ulimi, na wako ntaung'oa!"

Aliyetaka kusaidia alizuiwa na wa chama kile, na aliyezuia alipigwa na wa chama hiki. Birika la kahawa ya moto likamwagika juu ya watu. Mbarouk alikimbilia uani akarudi na mchi wa kutwangia, akaushusha kwa mikono miwili juu ya bega la Nyange, mfupa ukalia. Ndipo panga likatoka, wala haikujulikana kwa nani. Jaribu, kijana wa jirani aliyekuja kunywa kahawa tu, aliinua mkono kujikinga, na vidole vyake viwili vikabaki juu ya mkeka.

Shehe Othman alikuwa amesema kweli. Mwatum naye alisema kweli. Kweli mbili zimekutana, na damu imejaa baraza.

Nyange aliposhikwa na kufungwa kamba, Mbarouk alimwinua Mwatum kutoka chini ili amnyweshe maji, akaiona shingo. Vidole vinne huku, gumba kule. Kisha akamgeukia Bi Time pale mlangoni.

"Mwanangu alikuwa vino?"

Bi Time alijifunika kanga uso mzima, akaitikia kwa kichwa. Mzee Mbarouk akakaa chini kwenye ile kahawa iliyomwagika, akalia kwa sauti ambayo hakuilia siku ya maziko.

Serikali ilimfunga Nyange kwa shingo ya Mwatum, si kwa shingo ya Siti. Kaburi halikufukuliwa, na Mbarouk mwenyewe hakutaka lifukuliwe. Mwanakhamis hakuolewa na Nyange; akaolewa baadaye na mtu wa Makangale, mpole, na yule mtoto wa Siti akaenda naye.

Na Mwatum? Hakuna aliyesema kwamba ni mwongo. Walisema tu kwamba alisema. Mama yake Jaribu alitema mate kila alipompita njiani. Bibi vizee waliomwusia walifuta wasia wao mmoja mmoja. Mkewe Mbarouk alipofariki, muosha aliletwa kwa gari kutoka Madungu, na Mwatum akakaa ukumbini na wafiwa, mikono mapajani, kama mgeni.

Mwanakhamis alikuja akapiga magoti mbele yake, tumbo lake kubwa, mimba imekaribia siku zake. Alimbusu mkono. Alilia, akamshukuru, kisha akainama zaidi.

"Mama, usinichukie. Nna khofu na uzazi huno, nami n'shawausia watu wangu. N'kifa, sitaki unikoshe weye."

Mwatum alimfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hata mie sikutaka kukukosha, mwanangu," alisema. "Ndiyo mana n'kanena."