Bwana Yangu Anataka Nifute Ile Vocal

Admin, ficha jina yangu, na picha ya profil usiiweke. Hapa mu muji yetu ya Sake tunajuana wote, na bwana yangu naye anasoma hii page yako.

Niko mama wa miaka makumi tatu na moja, niko na watoto watatu. Bwana yangu iko chauffeur wa camion, anaendesha lori ya mizigo. Anatoka hapa na bidhaa, anapita Masisi, anafika Walikale, anarudi na maharagwe ao mafuta ya ngazi, yaani mawese. Nitasema ukweli wote, hata ule wenye unanipatisha haya. Mimi iko muntu wa hasira ya karibu. Mama yangu alikuwa ananiambia hii mudomo siku moja itanitia shida, nikawa namucheka.

Wenye kukaa huku munajua hatari ya ile barabara. Bwana akiondoka, moyo haikai chini mpaka umusikie. Na réseau ya simu haiko kila fasi, iko tu kwa kona fulani za juu ya mulima, na sisi bibi za machauffeur tunazijua zote. Gari ikifika pale, simu inaanza kulia, message za siku mbili zinaingia zote mara moja. Kusimama wanaogopa, juu ya vile fasi haina watu na haujue nani atatoka mu majani. Basi wanasoma na kujibu huku wanaendesha. Wakikaribia barrière ya polisi wanatia simu chini ya paja, wakipita wanaitoa. Wote wanafanya vile, na sisi wanamuke njo tunawasukuma. Asipojibu, tunapiga makelele.

Basi siku moja, bwana yangu alikuwa ananyamaza tangu siku mbili. Muntu mumoja akaja kuniambia walimuona kule Omate, upande wa Walikale, anakunywa na mwanamuke. Damu ikapanda. Nikamuandikia message ndefu ya matusi, na mwisho nikasema: usiponijibu sasa hivi, utakuta mimi na watoto tumerudi kwetu.

Saa tisa ya muchana akanijibu na vocal, message ya sauti. Iko ya sekunde kumi na saba. Sauti yake inasema: "Mama watoto, acha wasiwasi. Niko nashuka mulima, frein za gari zinashika muzuri tangu Papa Elie azitengeneze. Ngoja nisome hapa mwisho umesema nini." Kisha anasema "Ee Yesu", mwanamuke analia mara moja, kitu inapiga, na vocal inakatika. Simu ilimutoka mukononi, na kidole ikiachilia pa kurekodi, vocal inajituma yenyewe.

Mwenye camion iligonga alikuwa mama mumoja anatoka shambani na kitunga ya maharagwe kichwani, anatembea pembeni kabisa ya barabara. Alikufa wakiwa hawajamufikisha hospitali. Simujue, lakini kulia kwake nimekusikia, na ni message yangu njo ilikuwa inasomwa.

Polisi walipofika, bwana yangu aliwaambia frein zilikatala, ati breki hazikushika. Sheria inakataza simu kwa usukani, na patron wake naye alishasema: chauffeur wa kukamatwa na simu, anashuka gari siku ileile, kazi imekwisha. Polisi wakauliza nani alitengeneza hizo frein. Akamutaja Papa Elie. (Si jina yake ya kweli.) Huyu Papa iko jirani yetu, tunasali naye kanisa moja, ametengeneza magari kabla bwana yangu ajue hata kuendesha. Walimukamata palepale kwa garage, na nguo yake ya kazi. Leo ni siku ya tisa iko mu cachot ya polisi.

Bwana yangu yeye walimuachilia. Alirudi nyumbani, kitu ya kwanza aliuliza ni ile vocal. Akaniambia: "Futa. Ukipenda watoto wako wakule, futa." Nikamuambia nimefuta. Sikufuta. Niliituma mu simu ingine ya zamani, naificha mu unga ya muhogo. Kila siku anachukua simu yangu anaangalia. Hajawahi kunipiga. Lakini ile macho yake ya sasa siijue.

Juzi bibi ya Papa Elie alikuja kwangu. Nilifikiri amejua, nikataka kumupigia magoti. Kumbe alikuja kupiga magoti yeye. Akaniomba nimusemeshe bwana yangu amusamehe muzee wake, juu frein za muzee zingemuua bwana yangu naye pamoja na yule mama. Nilimuinua, nikashindwa hata kumupa maji.

Na jana akarudi tena, ameshanyamaza kulia. Aliniambia Papa Elie ameacha kujitetea. Mwanzo alikuwa anaapa kwamba kazi yake ilikuwa muzuri. Sasa amekaa mule siku nyingi anafikiri, na amemuambia bibi yake: "Pengine ni kweli. Pengine nilisahau kukaza. Nimezeeka." Anasema haoni usingizi juu ya yule mama. Kesho asubui watamuletea karatasi yenye inasema kosa ni yake, na amekubali kutia sahihi.

Ndugu zangu, nikipeleka vocal, nafunga baba wa watoto wangu, na familia yake yote itasema mimi njo niliua, kwanza na message, kisha na mudomo. Nikinyamaza, muzee wa watu atafungwa huku anaamini kwa kweli ameua muntu. Niko naogopa bwana yangu, niko naogopa polisi, na Mungu naye niko namuogopa. Musinitukane, najitukana mwenyewe ya kutosha. Muniambie tu nifanye nini, na muniambie leo, juu kesho saa mbili atatia sahihi.