Siku Familia Yangu Ilikuwa Ubongo

Sipendi kuikumbuka siku ile, lakini kwa kuwa Bunia nzima wanaisimulia na kuongeza chumvi, heri muisikie kwangu mwenyewe, na mucheke mara moja tumalize.

Nilikuwa natetea kazi yangu ya mwisho ya udaktari mbele ya jury ya walimu, juu ya striatum, sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia mutu kuanzisha mwendo. Nikianguka narudia mwaka, na mama (aliyekimbia vita ya Djugu akaacha shamba lote) alikuwa amekwisha kuambia majirani eti mutoto wake ni dokteri.

Sasa, seli za pale ni wavivu: karibu saa yote ziko kimya, umeme wao chini, seli moja tu ya nje ikizisukuma haziamki, sharti nyingi zisukume pamoja, ndipo umeme unapanda na seli inafyatua ishara yake. Na ziko seli zingine kazi yao ni kuzuia tu. Mimi, kwa kujifanya mwerevu, nikasema nitaonyesha kwa familia yangu, waliojaa nyuma na vitenge vya sare. Wamama, muko seli, munyamaze. Binamu zangu wakipiga makofi wote pamoja, mupige vigelegele. Baba mudogo, weye uko wa kuzuia, ukiinua mukono, kimya.

Binamu mumoja akapiga: kimya. Wawili: kimya. (Kichwa changu kilikuwa kimevimba kwa sifa.) Wote wakapiga, vigelegele vikapanda, kumbe mama mukubwa alikuwa amesinzia, akaamka mu kelele, akafikiri nimepita, akatoa poda mu mukoba (kwetu nani anapata diploma bila poda kichwani?), akanimwagia, wamama wote wakashuka mbele na poda zao wakiimba, na profesa mukubwa wa jury, suti nyeusi, akawa mweupe kama muhogo umemenywa.

"Baba mudogo, zuia," nikaita.

Baba mudogo iko nacheza pale mbele, mikono yote juu.

Profesa akapangusa miwani polepole. "Seli za kuzuia zikishindwa kazi, mugonjwa anakuwa namna gani?"

Jibu nililijua tangu mwaka wa tatu. Nikaonyesha familia kwa kidole. "Namna hii, profesa."

"Utarudi wiki kesho," akasema. "Peke yako."

Nikarudi peke yangu, nikapita vizuri, mutu mumoja hakupiga hata kofi. Nikakimbia nyumbani kumwambia mama. Alikuwa nachagua maharagi, hata hakuinua kichwa.

"Si tulikwisha kushangilia?" akasema.

Ile iliniuma kuliko aibu yote. Mutihani mwingine wowote, familia watasikia tu baada ya matokeo kutoka, na mama atasikia wa kwanza.