Redio ya Upepo ya Mkange

Msabaha alijifunza kazi ya redio jeshini, wakati wa vita vya Burma. Bagamoyo nzima ilimpelekea redio zake, na nusu yake ilimchukia, maana hakujua kulainisha neno. Ukileta redio mbovu uliambiwa ni mbovu, hata iwe urithi wa marehemu baba yako.

Mwaka 1971 kamati ya kijiji cha Mkange ilimwita aikague redio ya upepo. Ilikuwa ya mzungu mmoja wa shamba la mkonge, aliyezoea kuitumia kuzungumza na watu wa nchi za mbali kwa kujifurahisha tu. Alipofunga virago alimwuzia Bwanausi, mfanyabiashara wa Bagamoyo, vyombo vyake, na Bwanausi sasa alitaka shilingi elfu moja na mia mbili kwa redio hiyo. Zahanati iliihitaji. Masika, mto ukijaa, Mkange ilikuwa kisiwa.

"Inashika hadi Bombei," alisema Bwanausi, akazungusha kitufe. Kweli, sauti zikamwagika. Wanakamati wakatabasamu.

"Kusikia si kusema," alijibu Msabaha. "Ifungue."

"Siifungui."

"Basi kamwuzie kipofu."

Ikafunguliwa. Msabaha hakugusa kitu kwanza, aliinama akanusa. Harufu ya vanishi iliyoungua. Akawaonyesha transfoma, waya wake umezungushwa upya na fundi mwenye haraka. Akawaonyesha valvu, zile taa za kioo: rangi ya fedha iliyopaswa kung'aa kileleni ilikuwa imekonda kwa uzee. Kisha akafunga balbu mahali pa waya wa antena, ionyeshe nguvu ya kurusha sauti, akabonyeza maikrofoni. Balbu ikawaka kwa nguvu. Wakangoja. Dakika chache tu, ikafifia, ikabaki na wekundu wa kaa linalokufa.

"Ikipata joto inazimia," alisema. "Thamani yake mia mbili, tena kwa vipuri."

Bwanausi akatema mate. "Unanikomoa kwa kuwa dada yangu alikukimbia."

Ni kweli mkewe Sihaba, dada yake Bwanausi, alikuwa amemwacha miaka miwili kabla. Msabaha akakusanya vyombo vyake. Kamati haikununua.

Masika yakaja, mto ukafunga njia siku tisa. Tabia, mke wa Mwishehe, akashikwa na uchungu, mtoto akakwama. Maji yalipopungua kidogo walimvusha juu ya kitanda, wakampeleka hospitali Bagamoyo. Tabia alipona. Mtoto hakupona.

Mwishehe alimfuata Msabaha dukani kwake Bagamoyo mchana kweupe. Hakutoa salamu.

"Ile redio ingesema dakika ngapi?"

"Nne. Labda tano."

"Mimi nilihitaji moja! Niseme tu: leteni boti, mke wangu anakufa. Wewe na midomo yako mkatunyima hata hiyo moja."

Akaipindua meza. Valvu zikapasuka sakafuni. Msabaha akainama, akaanza kuokota vioo. Alikuwa ameipima redio kwa haki, wala hakukosea, na bado mtoto alikuwa amekufa.

Kesho yake alikwenda kwa Bwanausi. "Niuzie ile redio."

"Elfu mbili."

"Ulitaka elfu na mia mbili."

"Hiyo ilikuwa bei ya kamati. Hii ni bei yako wewe."

Msabaha akauza baiskeli, gramafoni na kiwanja chake cha Kaole, akalipa. Siku saba alikaa akizungusha waya wa transfoma kwa mkono, akihesabu kila mzunguko. Akikosea, anaanza upya. Akatia valvu nzima. Balbu ikawaka saa nzima bila kutikisika. Ndipo akaipeleka Mkange mwenyewe, akaifunga kwenye betri ya lori, na muuguzi Mwanahija akazungumza na hospitali. Mwishehe alitazama kutoka mlangoni, kisha akageuka akaenda zake.

"Mnaona?" Bwanausi aliwaambia watu sokoni. "Aliiponda ili aipate yeye, aonekane mwema." Wengi waliamini. Redio zilizoletwa kwa Msabaha zikapungua.

Masika yaliyofuata redio hiyo iliita boti mara mbili, na wagonjwa wote wawili wakaokoka. Kijiji kikampelekea Bwanausi beberu wa shukrani, maana kwao redio ilikuwa ile ile nzima aliyoiuza. Msabaha alipata habari kwa mteja mmoja mpita njia. Aliuliza kama transfoma inapata joto sana. Mteja hakujua, na Msabaha akaendelea na kazi yake.