Kushuka na Baba

Watu wa kwetu, mlimani juu ya Sirisia, wanaamini mpaka leo kwamba baba alinikataa akiwa ndani ya jeneza. Nimechoka kubishana nao. Ukweli ni kwamba mapaja yalikuwa yananiuma, na kilichoyaumiza ni mlima, lakini nani atasikiliza maneno hayo matangani?

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya wakili mjini Kitale. Kazi ya kukaa. Asubuhi nakaa, mchana nakaa, jioni natembea hatua chache hadi nyumbani kwenda kukaa tena. Kwa baba sikuwa nimekanyaga zaidi ya miaka miwili, tangu tulipokosana juu ya mwanangu wa kwanza. Mwaka wa tohara ulipofika, baba alitaka mjukuu apelekwe kwake, apakwe matope mtoni alfajiri, kisha asimame uani mbele ya ukoo kama nilivyosimama mimi. Mimi nikampeleka hospitali, akatahiriwa amelala kitandani, tena kwa sindano ya ganzi. Baba alituma ujumbe kwamba nimemwibia mjukuu. Nami kwa kiburi changu nikanyamaza.

Kisha, wakati wa mvua za masika, ndugu yangu anayenifuata alinipigia simu ofisini. Mzee hapumui vizuri. Nilifika jioni nikamkuta amelala, na asubuhi tukamfunga kwenye machela ya fito na magunia, sisi wanawe wanne, tukaanza kumteremsha. Barabara ilikuwa imekatwa na maji, na gari la kumpeleka Bungoma lilitungoja sokoni, mwendo wa saa tatu.

Nilishika mbele kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Katika kuteremka, aliye mbele ndiye hasa anayebeba. Unakunja goti, uzito unakusukuma uende, na wewe unauzuia usiende, hatua baada ya hatua, kwenye utelezi mtupu. Nyayo za baba zilinigusa mgongoni. Kila tulipofika penye mteremko mkali zilinikandamiza, na baridi yake niliisikia kupitia shati.

Mahali fulani aliuliza, "Nani iko mbele?"

"Ni mkubwa wako," ndugu yangu akamjibu.

Nilitaka kugeuka nimwombe radhi. Lakini ukigeuka kwenye utelezi na mtu mabegani, mnaanguka nyote. Nikajiambia nitamwambia hospitalini.

Alikufa jioni hiyo Bungoma, kabla sijaruhusiwa kuingia wadi.

Siku ile miguu ilikuwa imechoka tu. Kesho yake ikaanza kukaza. Siku ya tatu, siku ya mazishi, nilishindwa hata kushuka kitandani bila kushika ukuta. Mapaja yalikuwa yamevimba na kuwa magumu, ukiyagusa kwa kidole ninatamani kupiga kelele. Chooni ndiko nilikoteseka zaidi: kuchuchumaa siwezi, na nikishachuchumaa kuinuka siwezi. Jua lilikuwa limetoka, na trekta ya jirani ilikuwa imefaulu kulipandisha jeneza. Ndugu zangu watatu walikuwa wakipasua kuni na kuchimba kaburi kama kawaida. Nikaona aibu kusema kwamba mimi naumwa.

Nyumbani kwetu mtoto wa kwanza hushika kamba upande wa kichwa. Tukasimama kwenye udongo mbichi, tukaanza kuliachia jeneza polepole. Ilikuwa kazi ileile: kunja goti, zuia uzito usiende. Goti la kushoto lilikunjika likakataa kunyooka. Nilianguka kwa matako, kamba ikaniponyoka, jeneza likagonga ukuta wa kaburi. Wanawake wakapiga mayowe. Baba mdogo, ndugu yake baba, aliruka akaikamata kamba.

"Toka hapo!" alinifokea, kisha akawageukia watu. "Ati hamuoni? Mzee amekataa mkono ya huyu!"

Nilivutwa kando nikaachwa kwenye nyasi, maana kusimama sikuweza. Ndugu yangu anayenifuata akachukua nafasi yangu. Hata udongo sikurusha. Nililia sana, na waliokuwa karibu walidhani nalia kwa hatia. Hawakukosea kabisa.

Siku ya tano maumivu yaliisha yenyewe. Huko Kitale nilikuwa na jirani nesi, nikamsimulia. "Hiyo si ugonjwa," akasema. "Ukipanda, msuli unajikunja. Ukishuka na mzigo, unavutwa na huku umejikaza, unachanika ndani kidogo kidogo. Ndiyo maana inauma kesho na kesho kutwa, si siku hiyo." Nilifurahi kama mtu aliyeachiliwa na korti.

Desemba nikapanda nyumbani na maelezo yangu. Nilimkuta baba mdogo uani, anapukuchua mahindi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na ndugu zako?" akauliza. "Si walishuka na njia hiyo hiyo?"

"Walishuka, baba."

"Mbona wao hawakuanguka?"

"Wao wamezoea. Msuli ukizoea kushuka hauchaniki. Wanapanda na kushuka huu mlima kila siku."

"Sasa si umejijibu, kijana yangu," alisema, wala hakuwa na hasira. "Wewe ulikuwa hukuji."

Akaendelea kupukuchua. Nikaaga, nikateremka kwa njia ileile hadi sokoni, nikapanda gari la Kitale. Kesho yake na kesho kutwa nilikaa kitini ofisini nikiyangoja maumivu yaje yanishuhudie. Hayakuja.