Flopi ya Babu Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Enzi zetu kompyuta ilivalishwa nguo. Msicheke, ninyi mnaolala na simu chini ya mto. Kompyuta ya shule aliyofundisha baba yangu, kule kwetu kijijini Maretadu, ilikuwa na kitambaa cha kufuma kwa kila kiungo: cha skrini, cha kibodi, na kikubwa chenye maua ya rangi ya chungwa cha kufunika boksi lenyewe. Akina mama wa kijiji walivifuma kwa zamu baada ya wageni fulani kutuletea mashine hiyo, ikiwa imeshazeekea kwao. Umeme hatukuwa nao. Siku ya kuiwasha ilibidi jenereta itolewe stoo na kuvutwa kamba mpaka bega limuume mtu, na sisi watoto tulijipanga dirishani kwa urefu, wafupi mbele, kama tunaosubiri kuchomwa sindano.

Nakumbuka baridi ya asubuhi zile. Ukungu ulilala juu ya mahindi mpaka jua lipande, na sisi tulipita katikati yake na kuni za shule begani, vidole vimekufa ganzi. Mfukoni tuliweka viazi vitamu vilivyotoka kwenye majivu ya moto. Kwanza vilitupasha mikono, halafu wakati wa mapumziko tukavila. Jioni tulicheza kombolela kwenye mashamba yaliyovunwa maharage, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu kwa sababu ya shikamoo. Kila mzee alitaka yake. Ukiwakuta wamekaa pamoja ukawatupia moja ya jumla, habari zako zilifika kwa mama kabla yako. Vijana wa leo wanampungia mzee mkono wakiwa juu ya bodaboda, wanaona wameshamaliza.

Mzee aliyeogopwa kuliko wote kwa mambo ya heshima alikuwa babu yangu, mzaa baba, Mzee Boay. Alikuwa mrefu, mbishi, na alipenda mambo yasemwe yalivyo. Mdogo wake alipofariki, kijana mmoja wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu akakosea karibu kila kitu. Alisema marehemu alizaliwa Mbulu mjini, wakati alizaliwa Basotu, kando ya ziwa. Akampunguzia ng'ombe. Akamwita mpole, na yule mzee hakuwahi kuwa mpole hata siku moja. Babu alisimama katikati ya msiba akaanza kusahihisha, mstari kwa mstari, padri akiwa ameshika kitabu chake anasubiri. Tangu siku hiyo aliapa kwamba yeye hatasomewa uongo akiwa hawezi kujibu.

Akamwita baba. "Andika wasifu wangu sasa, mimi mwenyewe nikiwa hapa. Acha nafasi ya tarehe tu."

Mama alifanya ishara ya msalaba. Bibi Agatha, mke wa babu, alikuwa anachambua mawe kwenye maharage, na aliendelea kuchambua. Baba hakuwa na namna. Aliketi na babu mbele ya kompyuta ya shule, akaandika yote, akayahifadhi kwenye flopi. Kwa wale waliozaliwa juzi, flopi ilikuwa kisahani chembamba kilichofungwa ndani ya plastiki nyeusi ya mraba, upana wa kiganja, chenye kijilango cha bati kinachoteleza. Unaisukuma kwenye tundu la draivu, draivu inaizungusha na kuisoma. Baba alitaka ibaki ofisini. Babu akakataa kabisa, akasema maisha yake hayawezi kulala shuleni. Akaibeba nyumbani mfukoni mwa koti, na kila alipokumbuka jambo, dume alilonunua au mfereji aliouchimba, aliirudisha kwa baba aongeze.

Nyumbani mtunzaji wa vitu alikuwa bibi. Flopi ile mwanzoni ilikaa kabatini, lakini mvua zilipoanza kuleta unyevu bibi akaihamishia pale alipoweka kila kitu kisichotakiwa kuharibika, yaani kwenye kibuyu cha mbegu. Kwetu mbegu za maharage zilichanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe, kibuyu kikazibwa, kikaning'inizwa juu ya jiko pale moshi unapopita. Mbegu zilikaa humo salama mpaka msimu wa kupanda. Kwa akili ya bibi, kitu kilichoweza kutunza maharage kitashindwaje kumtunza Boay. Na mimi mpaka leo sioni kosa katika hesabu hiyo, isipokuwa tu kwamba flopi si maharage.

Nilikuwa darasa la sita babu alipoanza kukohoa na kukonda. Jumamosi moja baba alipata gari la kumpeleka hospitali, mbali, liondoke Jumatatu asubuhi. Babu akasema haendi.

"Nikienda huko nisirudi, mtanisomea nini?" alimwambia baba. "Nisomee kwanza nisikie. Nikisikia, naenda."

Tulimjua. Hata angebebwa angeshuka njiani. Mama akaanza kulia kimya kimya, maana kikohozi kile kilikuwa kinatisha, na usiku tulikisikia mpaka nyumba ya pili. Bibi akashusha kibuyu, akaingiza mkono, akaitoa flopi, akaifuta kwa kanga yake, tukaondoka wote kwenda shuleni, babu akitembea polepole na fimbo yake.

Baba aliivua kompyuta nguo zake, akawasha jenereta, akasukuma flopi. Kitaa cha draivu kikawaka, ndani kukasikika mkwaruzo wa mtu anayetafuna karanga zenye mchanga, kisha skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba haiwezi kusoma, ikauliza kama ijaribu tena au iache. Babu akataka kujua imesema nini. Baba akamtafsiria.

"Mwambie ajaribu," babu akasema.

Ikajaribu, ikashindwa. Baba alikuwa mwalimu lakini alikulia machungani, na hivyo ndivyo alivyofikiri: ng'ombe mmoja akilala chini unamkagua yeye, wote wakilala unakwenda kuangalia maji waliyokunywa. Akachukua flopi ya mitihani, ambayo wiki hiyo hiyo ilikuwa inasomeka. Ikakataa. Akajaribu nyingine, nayo ikakataa. Basi mgonjwa alikuwa draivu. Akazima kila kitu, akachukua bisibisi, akafungua boksi na kuichomoa draivu. Alipoiinamisha, juu ya meza yakadondoka majivu, kama ya kubana kwa vidole viwili.

Wote tukamgeukia bibi.

"Ni majivu safi," akasema. "Niliyachekecha mwenyewe."

Babu alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi tusubiri. Baba akatoa spiriti kwenye kabati la huduma ya kwanza, akaviringisha pamba kwenye njiti ya kiberiti, akasafisha kile kichwa kidogo cha kusomea kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Akasubiri kikauke. Akarudisha draivu, akaunganisha waya, akawasha. Kitaa kikawaka, na hakikuzimika tena. Flopi haimo ndani, lakini kinawaka tu. Mama akasema labda sasa imepona kabisa. Baba alikaa akaitazama draivu muda mrefu, na mimi nilimwona jasho limemtoka kwenye ubaridi ule, maana jenereta ilikuwa inakula petroli na babu alikuwa ameanza kusinzia kwenye kiti. Kisha akainama, akautazama ule waya bapa wenye mstari mwekundu ubavuni, akatikisa kichwa. Alikuwa ameuchomeka kinyume. Akazima, akaugeuza, akawasha. Kitaa kikawaka kidogo, kikazimika kama inavyotakiwa.

Ikabaki flopi yenyewe, maana ingerudi na majivu yake ingechafua upya. Baba akasogeza kile kijilango cha bati, akaigongagonga kwenye kiganja, akawa anakizungusha kisahani kwa kidole huku majivu yakidondoka kidogo kidogo, mpaka yakaisha. Akaisukuma ndani. Draivu ikasaga, ikanyamaza, ikasaga tena. Halafu jina la babu likatokea kwenye skrini, na mama akakaa chini palepale sakafuni.

Baba akasoma kwa sauti. Tulisikia kuzaliwa, kuchunga, kufyeka shamba la kwanza, ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, watoto, mifereji, ugomvi wa mipaka alioushinda. Babu alisikiliza amefumba macho, fimbo katikati ya magoti. Ilipofikiwa ile nafasi tupu ya tarehe, akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa sahihi yote.

Bibi alikuwa dirishani, anakung'uta majivu kwenye kanga. Akauliza taratibu, bila ugomvi wowote, "Na mimi? Humo bado hujanioa?"

Baba alipandisha maandishi juu, akayashusha, akitafuta, na hakupata. Ng'ombe walikuwemo wote. Bibi hakuwemo. Nilimtazama babu nikamwonea huruma, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa hana la kusahihisha.

"Usizime," akamwambia baba. "Rudi mwanzo. Pale penye shamba la kwanza, weka: alilifyeka na Agatha. Pale penye ng'ombe, weka: waliokamuliwa na Agatha. Penye watoto, anza na yeye."

Wakaenda hivyo mpaka mwisho, mstari kwa mstari. Hata kwenye ugomvi wa mipaka akaweka kwamba Agatha alimkataza. Baba akaona amtanie kidogo. "Na hapa penye kuzaliwa, baba?"

"Hapo acha," babu akasema. "Hapo nilikuwa bado sijamwona."

Jumatatu alipanda gari bila ubishi. Alirudi na vidonge vya kumeza kwa miezi mingi, akapona, akaishi mpaka nilipomaliza sekondari. Siku ya kumzika, baba alisoma yale yale, tarehe ikiwa imejazwa. Bibi aliketi kwenye mkeka, na kila jina lake lilipotajwa aliinamisha kichwa kidogo, kama mwanafunzi anayeitika mahudhurio. Hapakuwa na mtu wa kusimama kusahihisha.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye msiba huko huko Maretadu. Kijana akasoma wasifu kutoka kwenye simu, mzuri, umenyooka, wenye maneno makubwa. Eti marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi na mpenda michezo. Marehemu mwenyewe alikuwa bibi kizee aliyekuwa haoni. Kijana alikuwa amenakili wasifu wa mtu mwingine akabadilisha jina, ikamchukua dakika mbili, na wala hakukusikika mkwaruzo wowote. Waombolezaji tulitazama chini. Sikumlaumu sana. Hakuna aliyemkalisha mbele ya kompyuta kuukuu akaona maisha ya mtu yanavyokataa kusomeka.

Kibuyu cha bibi ninacho nyumbani kwangu, Mbulu mjini. Flopi imo ndani, nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, na mashine ya kuisoma sijui nitaipata wapi siku hizi. Niliporudi kutoka msibani nilikishusha nikakishika tu, bado kinanuka moshi. Kisha nikachukua simu nikaanza kuandika wasifu wangu mwenyewe. Jina la mke wangu nililiweka kila lilipostahili, na lilistahili karibu kila mahali. Ule mstari wa kuzaliwa niliuacha ulivyo. Hapo nilikuwa bado sijamwona.