Anasukuma Machela Akisubiri Kuwa Daktari, na Bado Damu Inamwangusha

Saa moja kasoro robo asubuhi, nyuma ya wodi ya upasuaji, msichana wa miaka ishirini amechuchumaa na kuzungusha gurudumu la machela kwa kidole. Gurudumu linazunguka, linasita, linazunguka tena. Anatikisa kichwa na kuhamia machela ya pili.

Hospitali hii ina machela tisa za magurudumu. Zinazokwenda unakotaka wewe ni tatu tu, na anayechelewa kufika huachiwa zile zinazokwenda zinakotaka zenyewe.

"Leo sitaki mchezo," anasema bila kuinua uso. "Leo nikikosea tena, hata wasiponifukuza nitajifukuza mwenyewe."

Wasukuma machela wenzake humwita Mtarajiwa, kwa sababu baada ya wiki tano anatarajiwa kuanza masomo ya udaktari. Jina wanalitamka kwa madoido, kana kwamba binti ameposwa. Yeye hucheka kidogo. Mwisho wa kuthibitisha nafasi yake chuoni ni kesho, Ijumaa, na hajathibitisha.

Mgonjwa wa kwanza leo ni fundi bomba wa makamo anayekwenda kupasuliwa ngiri. Amelishika shuka kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Dada, huko mnakonipeleka, watu hurudi?"

"Hurudi. Na mimi ndiye ninayewarudisha. Ukitoka huko kitu cha kwanza utanilalamikia njaa."

"Umeanza lini kazi hii?"

"Siku nyingi," anajibu Mtarajiwa, ambaye ana miezi miwili tu kazini. Mwenzake aliyeshika upande wa miguu anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa wowote.

Matokeo ya mtihani yalipotoka na nafasi ya chuo ikapatikana, kila mtu nyumbani kwao aligeuka mshauri wa namna ya kuitumia hiyo likizo ndefu. Mjomba alisema alale, maana akianza masomo hatalala tena. Shangazi akataka ajifunze kupika, kwani daktari naye anakula na siku moja atakuwa na mume wa kumlisha. Jirani aliyetangulia chuoni akamwazima kitabu kinene cha mifupa. Mtarajiwa anakiri kwamba kitabu hicho kilimsaidia sana kutimiza ushauri wa mjomba.

Baba yake, kinyozi mwenye kibanda cha viti viwili, hakushauri chochote. Alitangaza. Kila aliyeketi kunyolewa aliondoka na habari za binti, na haukupita muda wateja wakaanza kumsimamisha njiani. Mmoja ana goti, mwingine ana kiungulia, wa tatu anataka kujua kama mtu anaweza kufa kwa sababu ya kwikwi.

"Baba anafurahi mpaka naogopa," anasema. "Na mimi kuna kitu nilikuwa namficha."

Kitu chenyewe ni kwamba akiona damu huanguka. Mama yake peke yake ndiye aliyekuwa akijua, na mama hana tabia ya kupaka maneno asali. "Wewe toka utoto kuku akichinjwa unaingia uvunguni," alimwambia. "Udaktari umeutaka mwenyewe, hakukushurutisha mtu. Sasa unataka mimi nikuambie nini?"

Ameutaka kweli. Anasema mtu akimwambia anaumwa, hatulii mpaka ajue kwa nini. Ndiyo maana aliposikia hospitali inatafuta vibarua wa kusukuma machela, aliomba. Ujira wa siku, ukiondoa nauli na chakula cha mchana, unabakiza pesa ya sabuni na vocha. Lakini hakufuata pesa. Alikuja kujijaribu mapema, ili kama ni kuaibika aaibike huku asikojulikana, kabla baba yake hajamuaga mbele ya mtaa mzima.

Jaribio lilianza vibaya. Siku ya kwanza alimpeleka kijana aliyeungua mguu kwenye chumba cha kubadilishia bandeji. Muuguzi alipoanza kubandua ile ya zamani, masikio ya Mtarajiwa yakaanza kuvuma, kisha hakusikia tena kitu. Alipozinduka alikuwa amelala juu ya machela yake mwenyewe, na mgonjwa amehamishiwa kwenye kiti ili yeye apate pa kujinyoosha.

"Nilimwambia, mwanangu, hapa tunalipwa kusukuma watu, hatulipwi kusukumwa," anakumbuka msimamizi wao, mzee anayeitwa Mzee Breki kwa sababu ya makelele yake ya "Breki! Breki!" kila machela inapokaribia kona. "Nilijua kesho haji. Kesho yake nikamkuta getini kabla yangu."

Alianguka tena wiki ya pili, na tena wiki ya tatu. Baada ya hapo akajifunza ujanja: akifikisha mgonjwa kwenye chumba cha bandeji, hubaki nje ya mlango akijifanya anakagua magurudumu. Hakuanguka tena. Lakini hakujidanganya pia. Daktari atakayebaki nje ya mlango, nani atamhitaji?

Likaja lile la siku kumi zilizopita, ambalo nusura limfanye amwage unga.

Wasukuma machela wa hospitali hii wana kanuni ambayo haikuandikwa popote. Mgonjwa husukumwa miguu ikitangulia, ili aone anakokwenda, na msukumaji husimama upande wa kichwa amwone usoni na kumsemesha. Maiti husukumwa kinyume. Kichwa hutangulia, uso umefunikwa, na wanaosukuma hawasemi neno. Hakuna anayewafundisha ndugu wa wagonjwa kanuni hiyo, lakini aliyekaa siku mbili kwenye benchi la korido huwa ameshaijua.

Siku hiyo Mtarajiwa alikuwa peke yake, akimrudisha wodini bibi mmoja aliyetoka kupigwa picha ya nyonga. Gurudumu la mbele likakwama. Akaona njia rahisi ni kuigeuza machela, asukume kutokea upande wa miguu. Bibi naye, taa za korido zikimchoma macho, akajivutia shuka mpaka juu ya paji. Na Mtarajiwa, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alikuwa kimya kabisa, akiwaza siku zilizobaki kabla ya ile Ijumaa.

Wakatokea kwenye kona hivyo hivyo: kichwa mbele, uso umefunikwa, msukumaji kimya. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watoto watatu wa yule bibi.

Kilio kilichopigwa kilifika hadi jikoni. Mabinti wawili walijitupa chini. Kaka yao, dereva wa lori, mwanaume wa miraba minne, alisimama, akafungua mdomo, akaanguka kama gunia. Njiani kwenda chini paji lake likakutana na pembe ya benchi.

Bibi akashusha shuka na kuinua kichwa. "Nani amekufa?" akauliza. Hakujibiwa, maana waliomwona akiuliza walizidi kupiga mayowe.

Dereva alikuwa akivuja damu kama bomba lililopasuka. Mtarajiwa anasema hakumbuki aliivukaje ile korido. Anakumbuka amepiga magoti, ameliminya paji la yule mtu kwa shuka safi, na kichwani mwake kuna maneno ambayo kila siku alikuwa akiyasikia kupitia mlango wa chumba cha bandeji, muuguzi akiwafundisha wanafunzi wake: bonyeza, usichungulie.

"Mama yangu," dereva akanong'ona, macho yakifumbuka.

"Mama yako mzima. Anakutukana hapo. Msikilize."

Ni kweli alikuwa akimtukana, kwa kuanguka hovyo na umri wote ule. Mtarajiwa akabonyeza mpaka muuguzi alipofika na kumpokea. Akasimama. Akanawa mikono. Akatembea hadi stoo ya mashuka, akafunga mlango, na hapo ndipo akaanguka. Mfuaji aliyeingia kuchukua mzigo wake alimkuta amejilaza juu ya rundo la mashuka, akadhani kibarua amepata pa kujificha.

Dereva alishonwa nyuzi tano. Familia ililalamika, na ilikuwa na haki ya kulalamika. Mtarajiwa alikwenda kuwaomba radhi. Dereva alimwambia mama yake ni mzima, basi, yaishe. Dada zake hawajamwitikia salamu hadi leo. Bibi naye alitoa amri moja tu: "Yule aliyetaka kunizika kwa magurudumu asinisogelee."

"Kile kilio bado nakisikia," anasema Mtarajiwa. Hapa anajifanya kufunga kamba za kiatu. "Watu walimlilia mama yao kwa sababu mimi nilikuwa nawaza mambo yangu. Hilo silisahau. Nisilisahau."

Mzee Breki alimtoa kwenye korido na kumpa kazi ya kupaka grisi magurudumu kwa wiki moja, peke yake, kwenye banda la nyuma. Huko alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuwaza. Aibu yote alikuwa ameshaipata, lakini kulikuwa na swali lililomkaa rohoni. Kwa nini hakuanguka pale pale koridoni, kama siku zote?

Alimuuliza muuguzi mkuu wa chumba cha bandeji, akitarajia kutiwa moyo. Muuguzi huyo hajui kuremba. "Sijui," alimjibu. "Wapo wanaozoea, wapo wanaoacha. Sikudanganyi."

Jana jioni akakata shauri kumwambia baba yake. Alimkuta kibandani ana mteja kitini, mapovu shavuni. Akasema yote papo hapo, mteja akisikia: kuanguka mara tatu, bibi, dereva, stoo ya mashuka, na kwamba huenda chuo asiende.

Baba aliendelea kunyoa mpaka akamaliza shavu lote. Akauliza kwa nini hakuambiwa mapema.

"Ulishawaambia watu, baba."

Mzee akaupangusa wembe. "Watu wanakuja kunyolewa," akasema. "Wakishanyolewa wanaondoka. Mtoto wangu ni wewe, siyo wao. Usipokwenda, nitawaambia mwenyewe, na atakayecheka atanyolewa nusu."

Mtarajiwa anasema alilia njia nzima kurudi nyumbani, kisha usiku hakupata usingizi. Awali alikuwa akimwogopa baba. Baba alipojitoa, aliyebaki wa kuogopwa ni yeye mwenyewe.

Saa nne na nusu, fundi bomba yuko bado chumba cha upasuaji, unakuja wito mwingine: mshona nguo mwenye kidonda cha mguu apelekwe kubadilishiwa bandeji. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye kuogopa kama mtoto. Miguu yake inatangulia, Mtarajiwa yuko kichwani kwake, na wanazungumza juu ya bei ya vitambaa korido nzima.

Mlangoni, Mtarajiwa haanzi kukagua magurudumu. Anamuuliza muuguzi mkuu kama anaweza kuingia.

"Ingia. Ukitaka kuanguka, angukia upande wa mlango, usiangukie vifaa vyangu."

Anaingia na kumshika mama mkono. Bandeji inabanduliwa tabaka kwa tabaka, na ya mwisho imegandia. Uso wa msichana unapauka. Jasho linamtoka juu ya mdomo. "Mama, hebu niambie tena kile kitambaa cha maua ulisema unauzaje," anasema, na sauti imekuwa nyembamba kama uzi. Mama anaeleza. Kidonda kinasafishwa. Hakuna anayetazama saa, lakini kwa mtu aliyesimama pale muda ule ulikuwa mrefu mno.

Kazi inakwisha akiwa bado wima. Anaisukuma machela kurudi wodini, anasaidia kumhamishia mama kitandani, anapandisha reli ya kitanda, anaitikisa kuhakikisha imekaza. Anaaga. Anatoka koridoni, anauegemeza mgongo ukutani, anateleza taratibu mpaka sakafuni na kuingiza kichwa katikati ya magoti.

Mzee Breki anakuja mbio. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Kitandani. Reli nimepandisha."

Mzee anapumua. "Basi kaa kwanza," anasema, na anajisimamisha mbele yake kuwazuia wapita njia.

Zinapita dakika kadhaa. Midomo yake bado haina rangi anapotoa simu mfukoni na kuifungua. Inabidi aandike namba yake ya siri mara mbili. Anausoma ukurasa wa chuo kuanzia juu hadi chini, midomo ikicheza, kisha anabonyeza mahali palipoandikwa thibitisha.

Ameomba kubaki kwenye machela hadi wiki ya mwisho kabla ya chuo, na kila siku kuingia chumba cha bandeji badala ya kungoja nje. Kuacha kuanguka hajiahidi. Anachokitaka, anasema, ni kujifunza kuchelewa kuanguka, kwanza hadi mgonjwa afike kitandani, halafu hadi zamu iishe, na Mungu akipenda, hadi afike nyumbani kwake.

Mwandishi wa makala haya anamwambia kwamba jioni atapita kibandani kuzungumza na baba yake. Mtarajiwa anainua uso, bado amekaa chini.

"Mwambie nimethibitisha," anasema. "Lakini umwambie ukweli wote. Mwambie nimethibitisha nikiwa sakafuni."