Kipande cha Sabuni

Si kweli kwamba muuguzi wa macho alimpofusha mzee Isihaka kwa mikono michafu, kama walivyovumisha watu wa Marui. Mwalimu Mwanaamina, mjane wa mwanawe, alimuuguza mzee huyo kule wodini Kibaha alipopasuliwa mtoto wa jicho, na aliona yote kwa macho yake. Mwaka ule sabuni iliadimika madukani, lakini muuguzi alikuwa na kipande chake ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, chembamba kama ganda la kitunguu, na alinawa hadi viwikoni kabla ya kugusa jicho la yeyote. Sauti yake ya chini ilikuwa imechoka. "Usiiname, babu. Na hapa pasitiwe kitu, hata maji ya dua." Mzee alitoka akihesabu vidole vyake mwenyewe.

Wiki ya pili alirudishwa, jicho limejaa usaha. Muuguzi alifungua kitambaa, akaona maziwa yaliyoganda kwenye kope. "Nani ananyonyesha kwenu?" Mwanaamina, ambaye binti yake alikuwa na kichanga, akatazama sakafu. Muuguzi hakurudia swali. Aliandika "usaha" tu, akaenda kunawa tena. Jicho halikupona.

Sasa bi Sikudhani, mke wa mzee, naye alikuwa haoni, na kwa uvumi ule alikataa kupelekwa Kibaha.

"Nenda, mama," Mwanaamina alimwambia mbele ya majirani. "Mikono yake ilikuwa safi. Uchafu ulitoka kwetu, kwenye maziwa ya titi aliyotiwa jichoni kama dawa."

"Kwa nani hasa, mwalimu?" jirani akadakia. "Mbona kwenu kichanga ni kimoja tu?"

"Nimesema kwetu. Sisemi zaidi."